Basi la Gaylen na Kiwanja Namba Tisa

Mume wangu Gaylen aliuza nyumba yetu mwezi wa tatu, akanunua basi. Si basi la abiria, ni la kuishi: lina kitanda, jiko, friji, choo na bafu, na kuta mbili za ubavuni zinazosogea nje ukibonyeza kitufe ili sebule ipate nafasi. Nasema aliuza yeye, lakini sahihi yangu nayo ipo na sijuti. Ngazi za ile nyumba zilikuwa zimeyamaliza magoti yangu, na theluji ya mashariki ya Montana haina adabu kwa mwanamke wa miaka sitini na tisa. Kilichoniudhi ni jinsi Joleen alivyopata habari.

Joleen ndiye mtoto wetu, hatuna mwingine. Anaendesha basi la shule kule milimani, upande wa magharibi, ana mume na watoto wawili. Kila mwaka ilipofika sikukuu ya Shukrani alikuja nyumbani, anawaacha mumewe na watoto wajibanze sebuleni, yeye anapanda juu kulala kwenye chumba chake cha utotoni. Gaylen alimpigia simu siku ile kibao cha "Imeuzwa" kilipokwisha kusimikwa uani. Alimweleza kwa sauti ileile anayotumia kusema bei ya ngano. Nilikuwa jikoni, simu iko wazi, nasikia kila neno.

"Na chumba changu?" Joleen akauliza.

"Vitu vyako viko kwenye maboksi. Njoo uchukue."

Hakuja. Mumewe ndiye aliyekuja na pikapu, akapakia maboksi, akanikumbatia, akaondoka bila hata kikombe cha kahawa.

Tangu hapo Joleen akawa anaongea na mimi tu. Nikimtumia picha ya basi, ananijibu kwa picha ya watoto wanakula supu. Nikimwambia baba yake anamsalimu, anasema, "Haya." Hakuwahi kuliona basi wala kuuliza tuko wapi. Nilikuwa na hamu na mwanangu, na kila usiku nililala kando ya yule mzee aliyesababisha, anakoroma kana kwamba hajamkosea mtu.

Mwezi wa sita akanipigia mwenyewe. Kila mwezi wa nane wanapiga kambi wiki nzima Ziwa Tamsett, kambi ya umma ndani ya msitu wa taifa, hema lao kubwa na turubai la kulia chakula. Halafu akasema, "Kama mtaweza kuingia, njooni."

Niliishika ile simu kwa mikono miwili. Ulikuwa mlango mwembamba lakini ulikuwa wazi, na nikajiapiza kwamba sisi tutapita, hata kama itabidi nimfunge Gaylen kwenye paa la gari.

Sasa, mtu asiyejua atafikiri kuingia kambini ni kufika tu na kuegesha. Kambi za serikali watu huzigombania. Viwanja hufunguliwa kwenye tovuti miezi sita kabla, saa mbili kamili asubuhi, na kabla chai haijapoa vimekwisha. Sisi tulikuwa tumechelewa mno. Ilibidi Gaylen awe anachungulia simu yake mchana kutwa akisubiri mtu aahirishe, augue, au aachane na mkewe. Wiki ya tatu akapiga ukelele bafuni. Kiwanja namba tisa kimeachwa, na Joleen yuko namba saba.

Akatoka na taulo kiunoni, anabonyeza. Tovuti ikamuuliza urefu wa gari, mwisho futi thelathini na tano. Akaandika thelathini na tano.

"Umepima?" nikamuuliza.

"Nipime nini? Imeandikwa ubavuni."

Kweli imeandikwa. Jina la kiwanda kwa herufi za kuringa, halafu 35, kubwa kama sahani.

"Gaylen, ile ni namba ya aina ya gari. Si urefu."

"Arlys, waliolitengeneza ndio walioiandika. Unataka kuniambia fundi wa kiwandani hajui urefu wa kitu alichokiunda kwa mikono yake?"

"Nataka kukuambia uchukue tepu utoke nje."

Hakutoka. Ukikaa nchi hii utawaona wengi wa namna yake. Mwanamume atapima ubao mara tatu kabla ya kuukata, lakini gari lake la kuishi atalitaja urefu wake kwa namba iliyobandikwa na wauzaji, na ukimbishia utadhani umemtukana mama yake. Badala ya kupima, alikwenda kutazama kiwanja chetu kwa picha za setilaiti. Akanionyesha kwa kidole: tazama, kile pale, kirefu kama uwanja wa mpira. Mimi nikaona miti tu. Kutoka angani msitu wote ni blanketi la kijani.

Niseme pia kwamba kufikia wakati ule tulikuwa tumekwisha kuchapika. Tulipanga kuzunguka na kuona milima, tukaishia kuona maegesho ya maduka. Kila tulipofika kwenye kambi ya umma tuliambiwa nafasi kubwa zimekwisha, au daraja ni dogo, au rudini nyuma polepole mama asimame kando. Kambi hizi zilijengwa zamani, enzi za mahema ya turubai na vigari vya kuvutwa visivyozidi banda la kuku. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mkulima wa ngano aliyestaafu atakuja na nyumba nzima na gari dogo analivuta nyuma. Kambi za kulipia zilitupokea, lakini kule unalala ukisikia jirani akipiga mswaki. Basi usiku mwingi tuliegesha mbele ya duka kubwa, chini ya taa, mahali wanapokuruhusu kwa sababu asubuhi utaingia kununua mkate. Tulikuwa tumebeba choo chetu wenyewe jimbo zima, tukitafuta mtu wa kuturuhusu tuketi nacho.

Kila tulipokataliwa nilimwambia, "Ungenunua fupi." Nilisema hivyo mara nyingi kuliko nilivyosema asante. Nilijua kwa nini alichukua refu. Hank, jamaa wa kinu cha ngano kule kwetu, alikuwa na la futi thelathini, na Gaylen hawezi kuvumilia Hank amzidi kitu.

Siku ya kwenda Tamsett niliamka nikaoka sufuria ya viazi na jibini, ile anayoipenda Joleen, nikaifunga kwa taulo na kuipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Kwenye lango la kambi alitoka mama mmoja amevaa kizibao cha kijani, mbwa mzee nyuma yake. Huyu ndiye mwangalizi. Ni watu wa kujitolea, wanakaa kambini msimu wote kwenye kigari chao, hawalipwi kitu ila kiwanja cha bure, na mamlaka yao yanazidi ya mkuu wa polisi. Jina lake Ione. Alilitazama basi letu kutoka pua hadi mkia, taratibu, kisha akamtazama Gaylen.

"Hilo dude ni futi ngapi, bwana?"

"Thelathini na tano."

Ione akamwangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyesema amenawa mikono. Akachomoa tepu kwenye kigari chake cha betri, akaniomba nishike ncha moja kwenye bampa ya mbele, akatembea nayo hadi nyuma, akajumlisha ngazi na baiskeli zilizoning'inia.

"Thelathini na nane na ushee," akasema. "Na hapo nimekuhurumia, baiskeli moja sijaihesabu yote."

Nilimtazama tu Gaylen, naye akawa anatazama ziwa.

"Hata nikifumba macho," Ione akaendelea, "na mimi hufumba, sheria hizi hazikuandikwa na mama yangu. Kiwanja tisa ni kirefu, kitakumeza wewe na baiskeli zako. Tatizo ni kona ya kufikia. Kuna misonobari miwili pale, mmoja huku mmoja huku. Ndiyo maana tunasema thelathini na tano."

"Mama, nimeendesha mashine ya kuvunia ngano miaka arobaini. Pana kuliko hii barabara yako."

"Na kwenye shamba lako la ngano kuna misonobari mingapi?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Gaylen akanikazia macho, na ndipo nikasikia mtu anasema, "Mama."

Joleen alikuwa anashuka njiani, nywele zimelowa maji ya ziwa, amevaa ndala na fulana ya mumewe. Nilimkumbatia nikasahau kumwachia. Alikuwa amekonda kidogo. Alinukia moshi wa kuni na mafuta ya jua.

Kisha akageuka. "Habari, Baba."

"Nzuri, Jo. Tuna namba tisa."

"Nimesikia." Akalitazama basi, mara ya kwanza kuliona. Aliinama akatazama magurudumu ya nyuma, akatazama mkia uliobaki nyuma ya magurudumu, akageuka kutazama kona kule juu. Hakuna dharau usoni mwake. Alilitazama kama fundi. "Baba, haliingii."

"Litaingia."

"Naendesha futi arobaini kila asubuhi, na watoto hamsini wanapigana mgongoni kwangu. Haliingii."

"Basi lako ni basi tu. Hii ni nyumba."

"Hii si nyumba," Joleen akasema. "Nyumba uliiuza."

Gaylen akawa mwekundu kuanzia shingoni. Akalifungua lile gari dogo la nyuma, akalisukuma kando, akapanda ndani ya basi na kufunga mlango. Injini ikanguruma. Ione akapiga kelele, "Bwana! Wee bwana!" lakini basi lilikuwa limekwisha kuanza kupanda.

Mimi nilijua anafanya nini. Hakuwa anabishana na Ione tena, wala na kona. Alikuwa anataka kuliegesha hilo basi kando ya hema la binti yake, atoe kuta zake mbili, awashe taa, aseme, unaona? Nilikimbia nyuma yake na sufuria ya viazi mikononi.

Pua ilipita. Hilo nitampa haki yake. Pua ya basi iliukwepa msonobari wa kulia vizuri kabisa, na kwa muda mfupi hata mimi niliamini. Halafu ubavu ukaanza kuukaribia mti wa ndani, dirisha la jiko likawa linatazama gome la mti kwa karibu kama mtu na kioo, na mkia ukaanza kwenda kwenye mti wa nje. Akasimama. Akarudi nyuma kidogo, hali ikazidi. Akasogea mbele, ikazidi tena. Mwishowe likakaa pale limekwama katikati ya njia, mbele mti, nyuma mti.

Kuna desturi moja ya kambini ambayo haijaandikwa popote. Gari kubwa likifika, watu huchukua viti vyao vya kukunja, wanavigeuza, wanaketi kutazama mume na mke wakiegesha. Ni burudani kuliko televisheni. Siku ile walitoka kambi nzima. Mzee mmoja alikuja na bia na kiti, mkewe na mfuko wa bisi.

"Kata kushoto!" mzee wa bia akapaza sauti.

"Kata kulia!" mwingine akajibu.

"Kata mti!" akasema wa tatu, na wote wakaangua kicheko.

Gaylen akafungua dirisha akauangalia msonobari kwa muda mrefu kidogo. "Ukiugusa kwa msumeno," Ione akamwambia, "nakuitia askari wa misitu sasa hivi, na pingu nitamshikia mimi."

Nyuma yetu ilikuja familia yenye boti, nyuma yao pikapu, na njia ya kambi ni ya kuzunguka upande mmoja tu. Mtu akaanza kupiga honi. Niliweka sufuria ya viazi juu ya kisiki, nikaenda kufungua mlango wa basi nimwambie Gaylen inatosha.

Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, paji la uso ameliegemeza juu yake. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, maneno yalikuwa tayari mdomoni, lakini nilipomwona vile yakaniishia. Ana miaka sabini na mbili. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Nipe dakika moja," akasema bila kugeuka. "Nitalitoa."

"Mpenzi, hutaweza."

"Nipe dakika moja, Arlys."

Nikasikia hatua nyuma yangu. Joleen alikuwa amesimama kwenye ngazi ya chini, mkono kwenye mlango. Alisita hapo. Kisha akainama, akavua ndala zake, akazipanga kando kando kwenye kidaraja cha mlango, akaingia miguu mitupu.

Kwetu, nchi ya theluji na matope, mtu havai viatu ndani ya nyumba ya watu. Anavua mlangoni. Joleen nilimfundisha hivyo kabla hajajua kuongea. Lakini gari ni gari, hakuna anayevua viatu kuingia kwenye gari.

"Gaylen," nikasema. "Geuka."

Akageuka. Akamwona binti yake amesimama kwenye zulia letu. Akatazama miguu yake, akatazama zile ndala kule mlangoni. Akafungua mkanda, akainuka, akashika ukuta, akapisha kiti.

Joleen akaketi. Kwanza akasogeza kiti mbele, halafu akarekebisha kioo cha kushoto, halafu cha kulia, na kila aliporekebisha nilimwona Gaylen anaumia, maana vile vioo haviguswi hata na mimi. "Mama, simama nyuma mahali ninapoweza kukuona. Nisipokuona nasimama. Mwambie yule mama akae kwenye mti wa kulia. Na hao wenye viti wafunge midomo."

Niliwaambia. Nilitumia maneno yangu mwenyewe na walifunga.

Ione akarudisha nyuma pikapu na watu wa boti mmoja mmoja, anapunga mikono kama bendera, hadi njia ikawa wazi. Joleen alilirudisha basi inchi kwa inchi, anakata usukani wote, ananyoosha, anakata tena. Ubavu wa kushoto uligusa gome la mti na tukaisikia rangi ikitoka, sauti mbaya kama ya ukucha kwenye ubao. Hakusimama. Angesimama pale angekwama upya. Alichora mstari mrefu chini ya dirisha la jiko, akatoka, akarudi nyuma urefu wa njia yote hadi langoni. Mzee wa bia alipiga makofi, mkewe akamkanya. Nikaichukua sufuria yangu pale kwenye kisiki, nikawafuata nikapanda basini.

Pale langoni Ione alikuja dirishani. "Ukishuka nusu maili kuna uwanja wa kokoto ambapo malori ya magogo hufunga magurudumu yake minyororo ya kuzuia kuteleza wakati wa theluji. Ni ardhi ya msitu, mtu yeyote anaweza kulala pale, bure. Hakuna meza wala bomba wala choo." Akalipiga basi kofi ubavuni. "Lakini ninyi mna vyote."

Joleen akamtazama baba yake kupitia kioo cha ndani. "Kaeni vizuri," akasema, akaendesha mwenyewe hadi chini.

Uwanja ule ulikuwa mkubwa na mtupu, mabasi manne yangeenea. Joleen akaliegesha sambamba na miti, akazima injini, akabaki ameshika usukani. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, sufuria ya viazi mapajani, baridi sasa. Gaylen alikuwa amesimama katikati ya nyumba yake kama mgeni.

"Rangi nitailipa," Joleen akasema.

"Achana na rangi."

Nje kulikuwa na kunguru mmoja anapekua kokoto.

"Ningelipokea hilo jambo kwa upole," Joleen akasema, bado anatazama mbele, "kama ungeniambia kabla. Siyo kunishauri, nyumba ni yenu. Kuniambia tu. Ningekuja nikalala mara moja zaidi. Nilikuuliza chumba changu, ukanijibu maboksi."

"Najua."

"Hujui, Baba. Ungejua usingesema."

Gaylen akaenda ukutani akabonyeza kile kitufe, na ukuta wa upande wa kulia ukaanza kutoka nje na meza ya kulia chakula juu yake, polepole, unalia kama mlango wa ghala. Akapiga magoti kando ya meza. Ana magoti mabaya kuliko yangu. Akaanza kuhangaika na kishikizo cha mguu wa meza, akakivuta, akakisukuma, akatukana kwa sauti ya chini.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Inashuka. Yule muuzaji alinionyesha. Inashuka, halafu mito ya viti unaiweka juu."

Meza ikaanguka ghafla nusura imbane vidole. Akachukua mto mmoja, akaulaza. Akachukua wa pili.

"Alikuwa na mabasi mawili," akasema, akiongea na mito. "Moja lilikuwa la futi ishirini na nane. Zuri, rahisi, lingeingia kambi yoyote nchi hii. Halikuwa na meza ya namna hii, lilikuwa na viti viwili tu. Nikamuuliza, binti yangu akija atalala wapi? Akasema, kwa hiyo bwana unahitaji hili refu."

Mimi nilikuwa na mkono juu ya kifuniko cha sufuria na sikuweza kuuondoa. Majira yote ya joto. Kila kambi, kila maegesho, kila "ungenunua fupi" niliyomtupia, naye ananyamaza, ananiacha nicheke habari za Hank.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. Nilikuwa nimekasirika na machozi yananitoka kwa pamoja, na sijui hata sasa ni kipi kilitangulia.

"Kwa sababu hakuwa anakuja," Gaylen akasema.

Joleen akatoka kwenye kiti cha dereva. Akaja akasimama kando ya kile kitanda, mito minne isiyolingana rangi, pengo katikati. Nilifikiri atasema kitu cha kuuma, anao ulimi, ni wangu. Badala yake akaketi ukingoni, akalala ubavu, uso ukutani. Kitanda kilikuwa kifupi. Miguu yake ilitokeza hewani kuanzia kwenye vifundo.

"Sienei," akasema.

"Kunja," baba yake akamwambia.

Akakunja. Gaylen akabaki amepiga magoti na mto mmoja mkononi uliokosa pa kuwekwa, hadi nilipoutwaa nikauweka chini ya kichwa cha Joleen, naye akauinua kidogo kupokea. Baada ya muda pumzi yake ikawa nzito, saa tisa mchana, mtu mzima mwenye watoto wawili.

Wajukuu walikuja mbio wakishuka barabarani, wamelowa, wanabishana. Niliwatokea mlangoni nikaweka kidole mdomoni.

"Mama yuko wapi?" yule mdogo akauliza.

"Amelala," nikamwambia. "Nendeni mkamwambie baba yenu kwamba leo mama yenu analala kwetu."